Nyumba ya Weris na Barabara ya Bwana Noordin

Weris Kerrow alizaliwa upande wa Hulugho, mwaka ambao hakuna aliyejishughulisha kuuandika, na mpaka alipofikia umri wa kuitwa nyanya hakuwahi kulala mahali pamoja kwa mwaka mzima. Hilo halikumsumbua. Nyumba yake ilikuwa ya fito na mikeka, ile ambayo Wasomali huiita aqal, na kwa desturi yao nyumba hiyo ni mali ya mke. Mke ndiye anayekunja fito, ndiye anayesuka mikeka, ndiye anayeisimamisha. Mvua ikinyesha upande mwingine wa nchi, mke huyo huyo huibomoa, akaifunga juu ya ngamia na kwenda kuisimamisha tena. Mume huambiwa tu iliko.

Nayasema haya mapema kwa sababu wageni waliosikia habari za Weris pale Iftin, mtaani kwetu Garissa, hudhani alikuwa mtu wa vituko. Hakuwa. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na masaibu yake yote yalitokana na adabu hiyo. Mimi nilikuwa karani wa ghala la nafaka, na mlango wangu ulitazamana na wake, kwa hiyo niliona mengi. Yale ambayo sikuyaona nimemuuliza jirani yetu Zeinab, kisha nikapunguza nusu, maana Zeinab hutia chumvi hata kwenye chai.

Ukame wa mwanzo wa miaka ya tisini ulimaliza ngamia wao na ng'ombe wao. Zikabaki mbuzi chache. Jelle, mumewe, akabaki nazo porini, na Weris akaja mjini na nyumba yake juu ya mkokoteni wa punda wa mchukuzi mmoja, Abdille. Akaisimamisha kwenye mwanya mtupu kando ya duka la Yahye, karibu sana na bomba la maji la mtaa. Hapo ndipo alipopataka. Alikuwa amebeba maji mgongoni tangu utotoni, mara nyingine mwendo wa siku nzima kutoka kisimani, na sasa alikuwa na haja moja tu duniani. Alimweleza Zeinab hivi: "Nataka nikiwa nimelala nisikie mtu akifungua bomba, niseme alhamdulillah, kisha nigeuke nilale tena."

Akasuka mikeka, akauza, akasikia bomba, akalala. Kwa miaka michache mambo yalikuwa hivyo.

Lakini mji ulikuwa unafura. Waliokimbia ukame walikuja, waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka wa Liboi walikuja, na jamaa zao waliokuja kuwasalimia hawakurudi. Nyumba zilibanana kama meno. Mwaka 1996 ofisi ya mipango ikaamua kwamba sehemu yetu ya Iftin ichorwe ramani, ipewe barabara, na kila nyumba ipewe ploti yake pale iliposimama. Nyumba itakayokutwa barabarani, mwenyewe angepewa ploti ya awamu ya pili, kule nyuma ya machinjio, ambako hakukuwa na bomba wala dalili ya bomba. Kulikuwa na makorongo, wale ndege warefu wenye vichwa vya upara, na inzi.

Aliyeletwa kuchora alikuwa kijana wa pwani, Bwana Noordin, mzaliwa wa Faza. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amechora ramani za miji midogo ya pwani na vijiji vyake, ambako watu nao walikuwa wakiongezeka na kugombea viwanja. Alikuwa mwembamba, msafi, na alivaa kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, hata kwenye jua la kupasua mawe. Kiswahili chake kilitutia haya. Sisi tuliokuwa tumekisoma shuleni tulinyamaza alipozungumza, na Weris, aliyekiokota sokoni neno moja moja, alimsikiliza kama mtu anayesikiliza kaswida.

Ramani yake ya kwanza Bwana Noordin aliichora ofisini, kwa kutazama picha iliyopigwa kutoka angani kabla Weris hajahamia mjini. Aliona mianya miwili tu ambayo barabara ingeweza kupita bila kuvunja ukuta wa mtu: mmoja kando ya duka la Yahye, mwingine kando ya ukuta wa madrasa. Akauchagua wa Yahye, kwa kuwa ulikuwa umenyooka zaidi. Kisha akaja na watu wake wawili wa kamba na ndoo ya chokaa, akamkuta Weris katikati ya barabara yake, anasuka.

"Shikamoo, mamangu."

"Marahaba, fijana. Karibu chai."

Akanywa chai. Akatazama ramani, akaitazama nyumba, akakohoa. Kwao Faza mtu hamwambii mama wa watu abomoe nyumba yake, hata iwe imejengwa juu ya kichwa chako. Akasema kwa sauti ya chini: "Mamangu, nyumba yako imeangukia njiani. Lakini usitie shaka. Nitaona la kufanya."

"Bole sana," akasema Weris, kwa aibu.

Bwana Noordin akarudi ofisini na kufuta barabara yake kwa kifutio. Alikuwa amefundishwa kwamba barabara njema ni ile isiyolaaniwa na mtu. Akaichora upya kando ya ukuta wa madrasa, ambako kulikuwa kutupu, na usiku ule, kama alivyokuja kunieleza mwenyewe, alilala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Weris naye alikuwa na mafunzo yake. Porini, mtu akikwambia mara moja kwamba umejenga njiani mwa ngamia wake, hiyo ni adabu. Akikwambia mara ya pili, huo ni ugomvi, na ugomvi wa njia hurithiwa na wajukuu. Kwa hiyo mwanamke mwenye heshima husikia mara moja. Bwana Noordin alikuwa hajafika hata kona ya soko, Weris alikuwa amekwisha kung'oa fito za kwanza. Akamwita Abdille na punda wake, akapakia mikeka, na kabla ya alasiri nyumba ilikuwa imesimama mahali pengine palipokuwa patupu karibu na bomba.

Mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu. Kando ya ukuta wa madrasa.

Juma lililofuata Bwana Noordin alikuja anatabasamu, ndoo ya chokaa mkononi, mpaka alipokunja kona ya madrasa. Akasimama. Akatazama nyuma, duka la Yahye lilikuwa pale pale. Akatazama mbele.

"Mamangu, si ulikuwa kule?"

"Nilikuwa njia yako," akasema Weris kwa furaha ya mtu anayetarajia sifa. "Nikatoka. Sasa fizuri. Karibu chai."

"Hamadi!" akasema Bwana Noordin, akakaa juu ya ndoo yake.

Angeweza kumwambia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na niliiona sentensi ikipanda kooni mwake na kushuka. Yule mama alikuwa amevunja nyumba yake kwa ajili yake. Angemwambiaje aivunje tena? Akanywa chai, akasifu mikeka, akaondoka na chokaa yake yote. Ofisini akafuta, akairudisha barabara kwa Yahye.

Lakini watu wake wa kamba hawakuwa watu wa Faza. Walipopita kwa Zeinab kununua maandazi walicheka mpaka wakakohoa, na Zeinab akawabana mpaka wakasema. Alikuja mbio, ushungi unampepea.

"Weris! Weris, walaal, dada! Barabara imekufuata!"

"Imenifuata wapi?"

"Hapa! Imetoka kwa Yahye, imekuja ukutani. Uko katikati yake tena. Kijana ameona haya kukwambia."

Weris akaweka chini mkeka. "Subhanallah. Amekaa hapa, amekunywa chai, na mimi nimemkalia njiani kama mbuzi. Abdille yuko wapi?"

Zeinab alilijua nusu ya jambo, ile ya kwanza. Nusu ya pili, kwamba barabara ilikuwa inafutwa wakati ule ule, hakuna aliyeijua isipokuwa kifutio. Nyumba ikarudi kwa Yahye. Barabara nayo ikarudi kwa Yahye. Zilifika karibu pamoja.

Siwezi kueleza kila safari. Ilitosha kwamba punda wa Abdille alijifunza. Wengine husema alikuwa ngamia. Si kweli, alikuwa punda, wa kijivu, sikio moja limekatika. Kila alipomwona mtu mwenye ndoo ya chokaa aliacha alichokuwa akikifanya, akaenda na mkokoteni wake kusimama mlangoni kwa Weris, akisubiri kupakiwa. Siku moja mtu aliyekuja kupaka chokaa madrasa, bila habari na barabara yoyote, alimfanya Weris aanze kufungua kamba.

Bwana Noordin alianza kukonda. Alikuja kukaa barazani kwangu akiwa na kofia yake magotini.

"Bwana karani," akaniambia, "kwetu pwani nimepangia vijiji vilivyokuwa na ugomvi wa kila namna. Ugomvi wa minazi. Ugomvi wa makaburi. Lakini nyumba, ukiiacha asubuhi, jioni unaikuta. Ya mawe hukaa, ya makuti huoza pale pale. Sijasoma popote namna ya kuipangia nyumba inayokimbia."

"Haikimbii," nikamwambia. "Inakupisha."

"Basi na anipishe kwa kukaa!"

Nikamshauri aende amwambie hivyo. Akaniangalia kama niliyemshauri aende akamtukane mama yake. Kisha akanitajia jambo baya: ofisi ilitaka ramani iende Nairobi kabla ya Ramadhani, na mkubwa wake amechoka. Safari ijayo ndiyo ya mwisho. Itakavyokutwa nyumba, ndivyo itakavyoandikwa. Ikiwa barabarani, Weris ataenda nyuma ya machinjio kukaa na makorongo.

Habari hiyo ilimfikia Weris kupitia kwa Zeinab, nami nakiri Zeinab aliipata kwangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona Weris ameacha kusuka mchana. Alikaa anasikiliza bomba likijaza ndoo ya mtu. Hakulia. Alisema tu, "Huko nyuma ya machinjio, nitasikia nini? Kisu."

Ndipo Jelle alipofika kutoka Hulugho na mbuzi zake. Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja kwa Yahye, alikoiacha nyumba alipokuja mara ya mwisho. Nyumba ilikuwa siku hizo ukutani kwa madrasa. Pale kwa Yahye palibaki mawe matatu ya jiko na majivu. Jelle hakuuliza mtu. Alikaa chini katikati ya nyumba ambayo haikuwapo, akaegemea ukuta ambao haukuwapo, akakosea na kuanguka chali, akainuka, akaita:

"Naa, Weris! Chai!"

"Chai iko huku!" Sauti ikatoka upande wa pili wa mtaa. "Nyumba imehama!"

Akaenda, mbuzi nyuma. Nitayaandika maneno yao kwa Kiswahili, ingawa Kisomali chao kilikuwa kikali zaidi.

"Mwanamke, ni nani kati yetu aliye mfugaji?"

"Wewe, mzee."

"Ni nani aliyekuja mjini kutulia?"

"Mimi. Nimetulia. Mwezi huu nimetulia mara nyingi kuliko nilivyowahi kutulia maisha yangu yote."

"Mbuzi zangu zilikaa mahali pamoja tangu mvua ya mwisho mpaka safari hii. Mbuzi! Zinaona aibu kuja kwako."

Weris akamweleza yote, na Zeinab akaongeza ambayo hayakuwapo. Jelle akasikiliza akichokoa meno kwa mswaki wake. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu porini hakuna wa kumjibu.

"Huyo kijana akija husimama au hukaa?"

"Hukaa. Hunywa chai. Ana adabu sana."

"Na akikaa, barabara yake iko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuliwaza hilo.

"Iko kichwani mwake," akasema Jelle. "Ninyi mnakimbizana na chokaa. Ngamia anayehamahama usiku hafukuzwi, hufungwa mguu. Mfungeni mguu huyo kijana."

"Wallahi, mzee, hatuwezi kumfunga mtu wa serikali kamba!" Zeinab akashika kifua.

"Nani amesema kamba?"

Siku ya mwisho Bwana Noordin alikuja mapema na kiti na meza ya kukunja, amekaza uso. Alikuwa ameamua hatamwambia Weris neno. Aliichungulia nyumba, akaiona imesimama ukutani kwa madrasa, akashusha pumzi. Basi barabara ni kwa Yahye, na leo itachorwa hapa hapa, si ofisini, ichorwe na kuwekwa vigingi kabla mtu hajapata nafasi ya kuwa na adabu. Akakunjua meza yake katikati ya mwanya wa Yahye, akawatuma watu wake waanze kupima kutoka bombani, akainamia karatasi.

Zeinab akamletea chai. Akashukuru bila kuinua kichwa. Akamletea maziwa ya ngamia, akashukuru. Akamletea nyama ya mbuzi na mkate wa anjera. Hapo aliinua kichwa kidogo, kwa sababu ni lazima mtu atazame nyama, lakini akarudi haraka kwenye karatasi yake. Alikuwa anahesabu pembe.

Nyuma yake wanawake walikuwa wanachimba vishimo. Weris alikuwa amewaita sita au saba, wote mafundi wa nyumba, na wakati Zeinab anamshughulisha mgeni kwa chai, wenzake walikuwa wamekwenda ukutani kwa madrasa na kuivua nyumba kama mtu anavyovua koti. Abdille hakuhitaji kuitwa. Punda alikuwa ameiona ndoo ya chokaa.

Fito ya kwanza ikapinda juu ya kichwa cha Bwana Noordin.

"Ahsanteni sana," akasema. "Kivuli kinafaa."

Ya pili ikapinda kutoka upande wa pili. Ya tatu. Wakaanza ule wimbo wao wa kujengea, polepole, kama wa kumbembeleza mtoto. Mkeka ukapanda mgongoni mwa meza. Akausogezea kiwiko chake upite.

"Mungu awabariki," akasema, akachora mstari.

Mimi nilikuwa nimesimama na Yahye mlangoni kwa duka lake. Yahye alikuwa amejiziba mdomo kwa kanzu. Niliona mikeka ikizunguka, ikapanda, ikafungana kileleni, na cha mwisho tulichokiona cha Bwana Noordin ni mguu mmoja wenye kiatu cheusi. Kisha mtu akausukuma ndani kwa upole.

"Samahani," ikasema sauti kutoka ndani. "Kumekuwa giza."

Jelle akainama mlangoni na kukaa kizingitini, miguu yake mirefu imeziba njia. Weris akaivuka, akaingia na buli la chai.

"Karibu nyumbani, fijana," akasema.

Bwana Noordin akatazama fito, mikeka, kitanda cha Weris kilichokuwa kimeletwa wakati gani hajui, kikimgusa goti. Akasimama, akagonga kichwa, akakaa.

"La haula! Mamangu, niko chumbani mwako!"

"Ndiyo."

"Na mumeo yuko mlangoni!"

"Ndiyo," akasema Jelle, kwa Kiswahili alichokuwa nacho. "Kunywa chai."

"Lakini nyumba ilikuwa kule!"

"Sasa iko wapi?" akauliza Weris.

"Imenizunguka."

"Na wewe uko wapi?"

"Ndani."

"Basi sasa unajua iko wapi. Andika."

Akaishika kalamu. Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha, kama alivyotueleza baadaye mara nyingi kwa fahari, akili yake ikaanza kufanya kazi kwa mara ya kwanza tangu aje Garissa.

"Mamangu, nikuulize. Nyinyi huibomoa nyumba mgeni akiwa ndani?"

Weris akashtuka. "Mgeni ndani? Haram! Labda mtu hana mama wa kumfundisha."

"Hata kama nyumba iko njiani mwa mtu?"

"Hata kama iko njia ya maji."

Bwana Noordin akaegemea kiti chake. Uso ukamnyooka. "Basi mimi siondoki."

Jelle akageuka. "Anasema nini?"

"Anasema haondoki," akasema Weris.

"Sisi ndio tuliomfunga!"

"Sasa yeye ndiye aliyetufunga."

"Waambieni watu wangu," Bwana Noordin akapaza sauti kupitia mkeka, "wapeleke chokaa ukutani kwa madrasa! Barabara inapita huko! Na hapa wapige vigingi vinne, pembe nne, kuizunguka nyumba hii, na mimi sitoki mpaka cha mwisho kiingie!"

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Lakini ardhi ya Garissa wakati wa kiangazi ni ngumu kama kisogo cha Jelle, na vigingi vilikuwa vya mti laini. Kimoja kiliingia. Cha pili kilivunjika, wakatafuta kingine. Jua likapanda, na mwadhini akaadhini adhuhuri.

Hapo ikawa kazi. Bwana Noordin alitaka kwenda msikitini, na hakuna wa kumkataza. Lakini akitoka, nyumba haina mgeni.

"Nikitoka, mamangu, utahama?"

Weris hakuweza kusema uongo. "Ukisema niko njia yako, nitahama."

"Sitasema!"

"Utafikiri. Mimi nitaona usoni."

Ndipo Bwana Noordin alipovua kofia yake ya vito na kuiweka juu ya meza. "Hii itabaki."

Zeinab, aliyekuwa amejipenyeza ndani, akainuka. "Kofia si mgeni!"

"Kofia ya mtu ni mtu," akasema Abdille kutoka nje.

"Wewe nyamaza, wewe na punda wako ndio mliotufikisha hapa. Kofia inakula? Inasalimia?"

"Mgeni ni nani?" akauliza Jelle, aliyependa mabishano kuliko nyama. "Ni aliyepewa chai ndani ya nyumba. Hakuna zaidi ya hapo."

Kisha Zeinab, kwa heshima zote, akamimina kikombe cha chai, akatia sukari, akakiweka mbele ya kofia. Bwana Noordin akapangusa jasho lake kwa leso, akatoka kichwa wazi, akaenda kuswali na Jelle. Wakati wote huo Weris alikaa na ile kofia, na shahidi wangu Zeinab anaapa kwamba aliiuliza habari za nyumbani.

Hatari pekee ilikuwa punda, ambaye alikuja na mkokoteni wake mtupu kusimama mlangoni na kuanza kula mkeka. Abdille aliikalia kamba yake.

Kigingi cha nne kiliingia wakati wa alasiri. Kilipiga jiwe, kikapinda, kikakubali. Bwana Noordin alitoka, akavaa kofia yake, akaizunguka nyumba akivigusa vigingi kimoja kimoja, akaandika namba ya ploti kwenye ramani mbele ya watu wote. Barabara ilikuwa imekwisha kupakwa chokaa kando ya madrasa. Ilikuwa na kona ambayo haikuwa na sababu yoyote, na mpaka leo madereva huiuliza.

"Mamangu," akasema, "sasa usiondoke."

"Na wewe barabara yako usitoe huko."

"Sitoi."

"Apa."

Akaapa. Weris akamtazama usoni kwa muda mrefu, hakuona fikira yoyote pale, akaridhika.

Ramani ilikwenda Nairobi na kurudi na mhuri, na Bwana Noordin akahamishwa, nasikia kurudi pwani. Masharti ya ploti yalitaka nyumba ya kudumu. Jelle akauza mbuzi kadhaa, jamaa wakachanga, na fundi Issack wa hapa hapa mjini akajenga chumba cha matofali na mabati, mlango wake ukitazama kaskazini. Weris alihamia, na jirani yeyote angeweza kuthibitisha kwamba alilala vizuri.

Kisha msimu ukageuka. Kwenye aqal, upepo ukianza kuvuma kutoka upande mwingine, mke huigeuza nyumba mlango usikabili vumbi, kazi ya asubuhi moja. Upepo wa mwaka ule ulikuja kutoka kaskazini na kuingia moja kwa moja. Weris akamwita Issack.

"Fundi, umejenga vizuri," akamwambia. "Kuta zimesimama, mabati hayavuji. Sasa nigeuzie."

"Nikugeuzie nini, eddo?"

"Nyumba. Mlango uangalie kusini."

Issack akacheka, akaona Weris hacheki, akaacha. Akamweleza kwa upole wa mtu anayemwita mwanamke shangazi: kuna msingi, eddo, kuna saruji, kuna zege chini ya ardhi. Nyumba ya matofali ikishasimama imesimama. Hakuna fundi duniani anayeweza kuigeuza.

Weris aliizunguka nyumba yake, akaigusa pembe zote nne, akamrudia akimtazama kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Kumbe hukumaliza kujifunza."